Sauti ya Ochoki Isitengenezwe

Wazee wa ukoo, mchungaji, wageni wetu kutoka Kisii mjini na nyinyi wa upande wa ziwa mliopiga muziki na ndugu yangu, nawasalimu. Mimi ni Nyanchama, dada mkubwa wa marehemu, niliishia darasa la nne lakini kusoma nasoma, na familia imenipa karatasi hii kwa sababu wengine wote walisema watalia, nami nikasema mimi nitalia baadaye. Nitasoma kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, na mahali pengine nitaongeza jambo ambalo halikuandikwa, kamati inivumilie.

Marehemu Ochoki Nyasani alizaliwa hapa Manga tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu wa Mzee Nyasani na Mama Kemunto, na siku hiyo alilia kwa sauti ya kukwaruza hata mkunga akauliza kama mtoto amezaliwa na mafua. Baba yetu alikuwa mpigaji wa obokano, kile kinubi chetu kikubwa cha nyuzi nane, na wazee mlioko hapa mnajua kwamba obokano nzuri lazima ingurume na kukoroma, mtu akileta inayolia safi kama kengele anaambiwa airudishe kwa fundi, haijaiva.

Alianza shule ya msingi hapa hapa kilimani mwaka 1966, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, mkihesabu mtaona mwaka mmoja umezidi, alirudia darasa la tano, na tuishie hapo. Mwaka 1971 aliingia kwaya ya kanisa letu, akakaa wiki tatu. Mwalimu wa kwaya alikuwa Mwalimu Cleophas Onsongo, ambaye namwona ameketi pale hema la mbele, kofia magotini, alitupanga mstari, akasikiliza mmoja mmoja, alipofika kwa Ochoki akasema, "Wewe kijana, hiyo sauti ni bati linaburutwa juu ya mawe, toka, unaharibia wenzako." Kwaya nzima ilicheka, na mimi niliyekuwa sauti ya pili nilicheka kuwashinda wote, naomba msamaha leo mbele ya jeneza kwa sababu akiwa hai niliona haya kuomba.

Kuhusu kazi, tarehe 3 Februari 1975 aliandikwa kukamua ng'ombe katika shamba moja la maziwa kule Nyansiongo, ambako asubuhi ukungu unashuka mpaka mtu haoni kwato za ng'ombe aliye mbele yake, kwa hiyo mkamuaji anaita kwa sauti, na Ochoki aliita miaka sita, ile sauti iliyokuwa mbaya ikaharibika kabisa. Dereva wa trekta, Ouma, yule pale mwenye miwani, alimfundisha gitaa, na mwezi wa Juni 1981 wakashuka Kisii mjini kwa Mzee Abdirahim, aliyekuwa na duka la redio na chumba cha kurekodi nyuma yake, wakatoa Ng'ombe wa Mama.

Kwa wageni wasiojua Ekegusii, lugha yetu, wimbo ule unasema ng'ombe wa mama yetu alipotea kwenye ukungu, mama akatoka kumwita, giza likaingia, na sasa mtoto anamwita mama. Mahali pa jina la mama wimbo unapanda, na Ochoki hakuweza kupanda, sauti yake ilifika katikati ikapasuka vipande viwili, Ouma akataka warudie, Ochoki akasema huko ndiko sauti yake inakoishia na mama pia hakumpata ng'ombe. Wimbo huo ulipigwa redioni, harusini, kwenye mikahawa hadi Migori na Nakuru, akaitwa mahali ambapo sisi wenye sauti nzuri hatujawahi kuitwa, na mjue Manga tulikuwa na sauti nzuri nyingi, hakuna hata moja iliyovuka mji wa Keroka hapo jirani.

Mwaka 1988 Mzee Abdirahim, ambaye amekuja leo na binti yake Istarlin, karibuni sana, alileta mashine mpya akaona autengeneze wimbo, akatafuta kijana mwenye sauti kama asali, pale Ochoki anapopasuka kijana akapanda mpaka juu bila kutoka jasho. Kanda ziliuzwa hapa siku ya soko, na kabla ya saa tisa kina mama walikuwa wamepanga foleni wakizirudisha, mmoja akamwambia, "Abdirahim, huyu ng'ombe wake hakupotea, yuko zizini anakula." Mzee alizikusanya zote, akarudia kuuza ile ya zamani, na tangu siku hiyo marehemu hakukubali tena mtu ashike sauti yake, akaimba hivyo hivyo mpaka Oktoba 2023.

Tarehe 19 Agosti 1984 marehemu alifunga ndoa na Esnah wa Kenyenya, ambaye alikuwa amemsikia redioni akadhani ni mzee wa miaka sitini, alipomwona ni kijana mwenye viatu vipya alicheka mpaka akakaa chini, na baba yake Esnah aliposema hawezi kumpa binti mtu anayebweka, Esnah alijibu kwamba mbwa anayebweka ndiye anayelinda boma. Wamebarikiwa watoto wanne, Nyasani ambaye ni mwalimu, Moraa muuguzi, Onchari fundi wa umeme, na Kerubo kitinda mimba aliyerithi sauti ya baba, usiione haya, mwanangu.

Mnamo Novemba 2023 marehemu alianza kuumwa koo, ikaonekana ni saratani, na tarehe 16 Januari 2024 akafanyiwa upasuaji, akapona kidogo lakini sauti ikaenda yote, hata ile mbovu, tukawa tunazungumza naye kwa daftari. Julai mwaka huu, akiwa amelazwa hospitalini, aliniandikia, "Dada, kweli mimi nilikuwa mwimbaji, au watu walinionea huruma?" Moyo uliniuma, nikaamua kumwambia siri niliyopewa na Mzee Abdirahim, kwamba Mwalimu Cleophas alinunua kanda ya Ng'ombe wa Mama mara tatu, kila mara akiifunga kwenye gazeti chini ya chaki za shule, na alipopeleka kanda kutengenezwa Mzee alikuta utepe umelika mahali pamoja tu, pale sauti inapopasuka, kwa kurudishwa nyuma na kusikilizwa tena na tena. Mwalimu, nisamehe, lakini wewe ulimsema hadharani na mimi nimekusifu hadharani. Ochoki alicheka bila sauti, machozi yakamtoka, muuguzi akaja mbio, kisha akaandika, "Siku yangu wasiutengeneze." Aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi jioni, mikononi mwa Esnah.

Sasa kwenye programu mmeona kwamba nikimaliza, kwaya itaimba Ng'ombe wa Mama kwa sauti nne. Mwalimu Cleophas ameupanga mwenyewe, na umri wake ni miaka themanini na sita, amefanya kwa upendo, nimesikia mazoezi, ni mazuri sana, jina la mama linapanda kama ngazi iliyopigwa msasa. Nimeiambia kamati siku tatu kwamba marehemu alikataa, wakanijibu programu imeshachapishwa. Ni kweli imechapishwa, lakini kipaza sauti ninacho mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta kuni, maji na ndizi tangu siku ya kwanza, wanamuziki wenzake, Mzee Abdirahim na familia yake, kanisa, na kwaya yetu, ambayo naiomba ikae kwanza. Mwalimu Cleophas, inuka, umpe mtu kofia akushikie, wewe ndiye utakayetuanzishia wimbo, na sisi wote tutakufuata kila mtu na bati lake, na ukifika kwenye jina la mama, usipande, acha sauti iishie pale ya Ochoki ilipoishia.

Ochoki, ndugu yangu, mwimbaji, pumzika kwa amani, sisi tunaanza kelele.