Siku Nilipomfokea Mungu Kule Juu ya Uwanda

Haleluya, ndugu zangu! Bwana apewe sifa zake zote, maana leo mi sina sifa ya kumgawia mtu mwingine.

Munanijua. Mi ni Mama Mbuyi, nauza unga sokoni hapa Manika. Munamjua pia mama mkwe wangu, Mama Ngalula. Jumapili tatu hamujamuona kanisani kwa sababu miguu yake bado imevimba. Nimesikia munasema shetani alimjaribu. Hapana! Shetani hakuwepo kule. Nitawaambia aliyekuwepo.

Tulitoka watatu, mama mkwe akiwemo, kwenda kuombea wagonjwa katika kijiji cha ng'ambo ya uwanda. Taxi-moto, zile pikipiki za abiria, zilituacha kwenye matope, tukaendelea kwa miguu. Tata Modeste, kiongozi wetu wa maombi, alitangulia, kwani ndiye aliyejua njia. Kule juu, ndugu zangu, hakuna mti, hakuna nyumba. Ni majani na upepo tu. Saa sita mchana ukungu ukashuka, mvula ikaanza, mvula ya baridi inayoingia mpaka kwenye mifupa.

Nikamwambia, "Tata, turudi. Mama iko anatetemeka."

Akanijibu bila kugeuka, "Mama Mbuyi, mwenye iko na imani harudiake nyuma."

Imani! Yeye alivaa koti la mvula. Mama alijifunika kitenge!

Kisha ikaja mvula ya mawe. Tata Modeste akasema anatafuta njia mbele, akakaza mwendo. Hakurudi. Tulimwita mpaka tukachoka. Mama akakaa chini kwenye maji, midomo haina damu.

"Uniache, mwana wangu," akasema. "We uko na batoto. Enda."

Sitawadanganya, ndugu zangu: hapo sikuomba. Nilifoka! Nilimlalia mama ili apate joto langu, nikapiga kelele: "Mungu, uko wapi? Huyu mama amekufagilia kanisa lako miaka yote, na sasa unamuacha afe kwenye majani kama mbwa?" Nilisema na mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Sikunyamaza.

Mara sauti ya mwanaume ikatoka kwenye ukungu: "Ni nani ule anapiga makelele?"

Alikuwa mchunga ng'ombe, Tata Kasongo, ananuka pombe. Hakutuuliza tunasali wapi. Alimbeba mama mgongoni mpaka kwenye kibanda chake, akawasha moto, akamfunika blanketi lake la pekee.

"Mi sikuona kitu," akaniambia. "Nilifwata makelele yako tu. Kama ulinyamaza, mungekufa."

Kesho yake tulimkuta Tata Modeste kijijini, amekauka vizuri, anaongoza wimbo! Na hakuona haya kuniambia nitubu, eti Mungu hafokewi. Yuko hapa, kiti cha mbele. Tata, nakuheshimu, lakini kwa kelele zile sitatubu! Nenda kwanza nyumbani kwangu, uangalie miguu ya Mama Ngalula!

Namshukuru Mungu aliyevumilia maneno yangu makali na kumfikisha mchunga ng'ombe kwetu. Mwili wangu ameuokoa na baridi ile. Hasira hii bado, namwomba aiondoe, na sijui itakuwa lini. Lakini wewe uliyekaa hapa na uchungu moyoni, usiupambe kwa maneno mazuri. Mpelekee Mungu uchungu huo kama ulivyo. Umtumaini. Ukimfokea, hakimbii.