Nyumba Hii Haiuzwi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Aliye jikoni apunguze moto, aliye kazini asogeze redio karibu. Leo tunamkumbuka mtu mmoja, na nawaambia mapema kabisa: mtangazaji wenu hajajipanga. Kawaida nikikaa hapa nakuwa nimeshaongea na ndugu, najua nianzie wapi na nimalizie wapi. Leo nimeongea na kila mtu wa kuongea naye, na kila mmoja ameniongezea fumbo. Kwa hiyo nitawasimulia kama nilivyopokea. Atakayeelewa anisaidie.

Marehemu alikuwa fundi magodoro. Mwanamke. Narudia, fundi magodoro mwanamke, yule mwenye duka la kona linalotazamana na mashine ya kusaga unga. Tulimwita Mama Sufi, kwa sababu sufi, ile pamba ya mti wa msufi anayojazia magodoro, ilikuwa haimtoki mwilini. Ilikuwa kwenye nyusi, kwenye kanga, kwenye kikombe chake cha chai. Ukikumbatiana naye unarudi kwako unapiga chafya. Na juu ya mlango wake kulikuwa na maandishi makubwa ya rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Sote tulidhani anaogopa matapeli.

Mama Sufi ametutoka baada ya kuugua kifua. Ameacha binti mmoja, ambaye mama mwenyewe alimpa jina la Sindano kwa wembamba wake. Ameacha mdogo wake wa kiume, fundi wa kuchomelea mageti. Na ameacha nyumba: duka mbele, vyumba viwili nyuma, na uwanja wa kuanikia sufi. Sasa shika hapo, msikilizaji. Nyumba hiyo hakumwachia Sindano. Wala hakumwachia mdogo wake. Ameiachia Taasisi.

Mnaijua Taasisi. Ni wale wauguzi wanaopita majumbani kuwahudumia wagonjwa wasioweza kuamka. Wanawaosha, wanawageuza, wanawafundisha ndugu namna ya kumlisha mtu asipaliwe. Hawadai kitu. Mume wa Mama Sufi alikuwa mwezekaji. Siku moja akateleza juu ya paa la watu, akaanguka, na tangu hapo hakusimama tena. Alilala miaka mingi katika kile chumba cha nyuma. Wauguzi wa Taasisi walikuwa wanakuja, mvua inyeshe, jua liwake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hao walifaa kwelikweli.

Mume akafariki. Miaka ikapita. Mama Sufi akaenda mwenyewe kwa wakili, mzima wa afya, akaifanya nyumba yake kuwa wakfu. Wakfu maana yake ni hivi: Taasisi itaimiliki nyumba, lakini haiwezi kuiuza. Itaikodisha tu, na kodi yake ndiyo itakayolipa huduma ya wagonjwa, mwaka huu na miaka yote. Yeye angekaa humo hadi mwisho wa uhai wake.

Na hakuficha. Hapo ndipo ninapoanza kuchanganyikiwa. Aliwahi kuja hapa studio, tulimwalika katika kipindi cha mafundi. Akaketi kwenye kiti hiki cha mgeni, akakibonyeza, akasema, "Nani amewauzia hii takataka, mwanangu?" Nikamuuliza habari ya maandishi ya mlangoni. Akanijibu hewani, nchi nzima ikisikia:

"Nyumba siyo yangu tena. Nimeshaitoa. Kuku wangu hachinjwi, yanaliwa mayai tu."

Tukacheka. Mama Sufi alikuwa mtu wa mizaha, nani angejua lipi ni mzaha na lipi siyo? Nikamuuliza, kwa nini umeitoa? Akasema, "Nimechoka kufagia."

Basi. Tuje msibani.

Siku ya pili baada ya mazishi, watu wamejaa uwanjani, mwenyekiti wa Taasisi akasimama kutoa rambirambi. Ni mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, mwenye sauti ya upole. Akasema anaishukuru familia kwa moyo mkubwa wa kutoa nyumba. Fundi wa mageti akainua kichwa. "Asante ya nini?" akauliza. Mwenyekiti naye akashangaa, maana alidhani wanajua. Penye wengi pana mengi. Wengine wakasema mama alirogwa, wengine wakasema alidanganywa, mwingine akasema yeye alisikia redioni lakini alidhani ni utani.

Wakili akaitwa, akaeleza. Kila kitu kimekaa sawa. Na akaongeza jambo moja: Sindano akitaka, ataendelea kulitumia duka na vyumba kwa muda wote atakaotaka, hakuna wa kumtoa. Ila alipe kodi kama mpangaji mwingine yeyote. Hayo ni maneno ya mama yake mwenyewe: alipe kama wengine.

Hilo neno, wasikilizaji, ndilo lililomchoma yule binti. Siyo nyumba. Ni hilo neno.

Alikuja hapa kituoni wiki iliyofuata, sufi kichwani kama mama yake. Akakaa kiti kilekile. Akaniambia, "Kaka, wewe uliongea naye. Niambie alisema nini ambacho hamkukirusha."

Nikamwambia tulirusha chote.

"Mimi nimechambua sufi naye tangu sijaota meno ya pili," akasema. "Nimemuuguza hadi dakika ya mwisho. Sasa natakiwa nilipe kodi kwenye nyumba niliyozaliwa. Majirani wananicheka. Mimi sitaki nyumba, kaka. Nataka kujua kitu kimoja. Siku anaweka saini, alinifikiria au alinisahau?"

Nikaona aibu, nikamwahidi nitauliza. Nikauliza.

Mwenyekiti wa Taasisi akaniambia: "Alisema anatoa kwa sababu mumewe alilala miaka yote ile na akazikwa bila kidonda hata kimoja mgongoni. Alisema hilo fundi magodoro peke yake ndiye anayejua thamani yake." Nikasema sawa, nimeelewa.

Nikaenda kwa fundi wa mageti. Akavua miwani yake nyeusi ya kuchomelea, akaniambia: "Dada yangu? Mimi aliniambia anaitoa kwa sababu nikiachwa nayo nitaiuza kabla udongo wa kaburi haujakauka. Aliniambia usoni, tunakula." Nikamuuliza, ungeiuza? "Ningeiuza," akasema. Angalau ni mkweli.

Nikarudi kwa Sindano. Wewe alikuambia nini? Akasema, "Alikuwa ananiambia, nyumba ikiwa yako utaipenda nyumba, mimi nataka upende kazi. Nikadhani ananitania, maana nilikuwa nimechelewa kuamka."

Kwa hiyo tuna sababu nne. Mgongo wa mume, tamaa ya mdogo wake, uvivu wa binti, na ufagio. Ipi ndiyo? Mimi sijui. Kama alitaka kumlinda binti asinyang'anywe na mjomba wake, kwa nini amtoze kodi? Kama hakumjali, kwa nini aandike asitolewe kamwe? Nimelala na maswali haya, nimeamka nayo.

Fundi wa mageti yeye alikuwa na jibu lake. Alisema damu ni nzito kuliko maji, haiwezekani dada yake awape wageni kila kitu. Lazima kuna wosia mwingine, wa baadaye, umefichwa. Na fundi magodoro ataficha wapi? Acheni kucheka, wasikilizaji. Aliingia chumbani kwa marehemu na kisu cha dukani cha kukatia mpira wa magodoro, akalichana godoro la Mama Sufi mwenyewe.

Sindano alikuwepo. Anasema mjomba alianzia upande wa nje, ule wa kushukia kitandani. Haukutoka wosia. Yalitoka matambara. Vipande vya vitambaa vya wateja, magunia yaliyooza, soksi, pamba nyeusi iliyogandamana kama udongo. Majirani waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Fundi aliyewalaza watu wote wa mtaa kwenye sufi safi, mwenyewe amelalia takataka. Mjomba akachana mpaka katikati, vumbi likamkaba, akakohoa, akatupa kisu akaenda zake.

Mama Sufi alikuwa na msemo wake, mlishausikia. Mtu akimwonea wivu, au akimhukumu jirani, alikuwa anasema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kisha anacheka mwenyewe, kwa sababu ya kazi yake.

Juzi Sindano akanipigia simu. Akasema, "Kaka, njoo dukani." Sauti yake sikuielewa. Nikaenda mchana, mashine ya unga inanguruma ng'ambo ya barabara. Nikamkuta ameketi chini, godoro la mama yake limetandazwa uwanjani, na ile sindano ndefu ya magunia iko mkononi.

"Nilitaka kulishona tu," akaniambia. "Nisiliache wazi kama mtu aliyepasuliwa. Mama hakuwahi kuniruhusu nilifungue. Kila nikimwambia tulichambue upya, alikuwa anasema la mteja kwanza, la kwangu baadaye. Nikaona kwa kuwa limeshachanwa, nimalizie, nilijaze vizuri. Nikafungua ule upande mwingine, ambao mjomba hakufika."

Akanyanyua kitambaa. Wasikilizaji wapendwa, ilikuwa sufi. Sufi tupu. Nyeupe, laini, imechambuliwa hadi haina mbegu moja. Nusu ya godoro matambara, nusu ya godoro sufi, na katikati ameshona ukuta wa kitambaa ili visichanganyike.

Nikamuuliza, huu ni upande gani?

"Wa ukutani," akasema. "Baba alipoanguka, chumba kile kikawa chake, mimi na mama tukalala kitanda kimoja. Mimi nililala ukutani nisidondoke. Miaka yote hiyo nilijua godoro letu ni zuri. Nilikuwa nawaringia watoto wenzangu."

"Na ulipokua?"

"Baba alipofariki nilihamia chumba chake. Mama akabaki na kitanda peke yake. Angeweza kusogea, kaka. Angesogea tu. Lakini ona," akagusa lile bonde upande wa matambara, alama ya mwili wa mtu, "hakusogea. Alikuwa ananiwekea."

Hapo akalia, na mimi sioni haya kusema nililia naye. Mteja mmoja aliingia kuulizia mto, akatuona, akatoka kimyakimya.

Nilimuuliza kama sasa ameelewa habari ya kodi. Akafuta macho, akasema hapana. Akasema ile kodi bado inamuuma, na ameilipa, na muuguzi aliyekuja kuichukua alitoka pale akaenda moja kwa moja kumgeuza mzee mmoja mtaa wa pili. Godoro amelishona kama lilivyokuwa, nusu kwa nusu, hakuongeza kitu.

"Nimeanza kulala kwenye kitanda chake," akaniambia. "Upande wa nje. Unauma mgongo vibaya sana."

Wasikilizaji wapendwa, Mama Sufi hayupo. Fundi magodoro hayupo. Kituo hiki kinampa pole Sindano, kinampa pole fundi wa mageti, ambaye naye amefiwa na dada hata kama alishika kisu. Tunawapa pole wauguzi wa Taasisi na wagonjwa wote wanaowageuza. Mungu amlaze mahali pema, na safari hii kwenye sufi.

Mimi habari ya nyumba ile bado sijaielewa, na pengine sitaielewa. Ila nawaomba jambo dogo. Leo ukienda kulala, kama umewahi kulala ukutani, mfikirie aliyelala upande wa nje. Kama bado yu hai, mpigie simu. Muulize mgongo unaendeleaje.