Kabla ya Kusema "Ni Mimba Tu"

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari mkuu wa hospitali yetu, wakunga wenzangu, akina mama wajawazito, na nyinyi akina baba mliojibanza kivulini kama vile mimba hizi haziwahusu, nawasalimu nyote.

Mimi ndiye mkunga mkuu hapa, na leo tunafungua chumba cha kupimia corona ndani ya wodi ya wazazi. Wapo wanaoniuliza, chumba kizima cha nini? Nitawajibu.

Sisi wakunga tuna jibu letu la haraka. Miguu imevimba? Ni mimba. Umechoka? Ni mimba tu, mama, kapumzike. Sasa, fundi cherehani aliyekaa pale mbele alikuja hapa mimba ikiwa kubwa, anahema. Mama mkwe wake alishamwambia ni mimba, na foleni nzima ikaitikia. Yeye akashikilia lake: "Dada, kuhema nikipanda ngazi nimezoea. Leo nahema nikiwa nimekaa."

Tukambana kidole kwa kipimo cha oksijeni. Ilikuwa imeshuka vibaya. Lakini kupimwa corona kulikuwa ng'ambo ya geti, kwenye foleni ya juani, naye kusimama hawezi. Tena aliogopa. "Wakinikuta na kirusi watanitenga, nitajifungua peke yangu kama mkosaji." Tulimpimia stoo ya mashuka, kijiti cha pamba puani, mimi nikimshika mkono na kumhakikishia kwamba hakifiki kwa mtoto. Kirusi alikuwa nacho. Akawekewa oksijeni siku hiyo hiyo, na hakuachwa peke yake. Huyo mnayemsikia analia ni binti yake, na sauti hiyo naipenda kuliko hotuba hii.

Stoo ile ndiyo chumba hiki. Mheshimiwa, nasema mbele yako: atakayetaka kukigeuza ofisi, anitoe mimi kwanza. Na humu wodini, hakuna atakayeambiwa ni mimba tu kabla hatujampima.

Nilikuwa na mengi zaidi. Lakini namwona mama mmoja kiti cha nyuma anashika kifua, na jirani yake anampepea. Mpisheni, tafadhali. Dada wa maabara, vaa glavu. Mheshimiwa, utanisamehe, utepe wa mlangoni tutaupitia chini, utaukata akishatulia. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Mama, njoo, nishike bega.