Goti la Kushoto na Maombi ya Jumatano

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mnanijua, ni yule binti wa benchi la nyuma. Mbele ya watu mdomo wangu hukauka, ndiyo maana nimeandika, na dada yangu atawasomea. Niliishia darasa la sita. Karatasi hii imenichukua siku nne.

Ndugu zangu, nina hasira. Sitaificha.

Nilianguka kwenye mteremko tukitoka shamba upande wa Lweba, kapu la mihogo likiwa mgongoni. Tangu hapo goti langu la kushoto halikunjiki. Na hapa kwetu mjini Baraka, kwenye maombi ya Jumatano, kila mtu hupiga magoti kwenye sementi, na mama mmoja wa protokole, wale wanaopanga watu kanisani, hupita katikati akiangalia. Mimi nilibaki nimesimama. Akaniambia, "We binti, Mungu hapendake kiburi." Nilimjibu kwamba ni goti. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Hakusikia, au hakutaka.

Jumatano iliyofuata yeye na wenzake wawili waliniweka katikati. Walisema nina roho ya kiburi, inakaa kwenye goti. Wawili walikandamiza mabega, mmoja akavuta mguu nyuma. Nilisikia kitu kikikatika ndani. Nikapiga kelele, nao wakafurahi! "Imetoka! Imetoka!" Wakapiga vigelegele juu ya kilio changu.

Wiki tatu sikutembea. Hakuna aliyekuja kuniona. Nikaamini kwamba Mungu hasikii mtu aliyesimama, nikaacha kuomba, hata kwa chakula. Mwaka mzima! Ndugu zangu, hicho ndicho kilikuwa kifungo changu, si goti.

Kisha mama yangu akashikwa na malaria. Alilala mkekani akitetemeka, midomo ikicheza. Nikamuuliza anasema nini.

"Niko naomba."

Nikamwambia, lakini mama, umelala. Akafungua jicho moja. "Sasa niinuke kwanza, nife, ndiyo anisikie?" Halafu akasema amechoka, nimalizie mimi.

Nikasimama kando ya mkeka, na yote yakatoka. Nilimgombeza Mungu. Nilimwambia juu ya wale wamama na vigelegele vyao. Nililia hivyo hivyo, wima, na ile hofu kwamba Mungu hanisikii ikaniachia. Nilijua nimesikiwa. Goti halikupona, ndugu zangu, msingoje hapo. Mama alipona, na mimi nikafunguliwa.

Jumatano iliyopita nilirudi. Wote waliposhuka, nilibaki juu. Yule mama akaja. "Mama, mi naombaka nikisimama," nilisema. "Usiniguse." Safari hii alisikia. Akaenda zake. Msamaha hajaomba, nami namsamehe kwa shida, kidogo kidogo.

Namshukuru Mungu aliyenisikia nikiwa wima. Wewe mwenye mgongo mbovu, wewe mwenye mimba kubwa, wewe mzee ambaye ukishuka huinuki: usibaki nyumbani. Mtegemee, anakusikia. Njoo tusimame pamoja kule nyuma. Na mtu akikuwekea mkono begani akusukume chini, geuka unitafute. Nitasema mimi.