Sikio la Fundi Nzau

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Fundi Nzau Musau anavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana yetu ya ala za muziki hapa mtaani Tena. Kamati iliniomba niandike maneno machache ya kuchangamsha hafla. Nitajaribu, lakini nisiwadanganye: nina huzuni, na sehemu ya huzuni hiyo nimejitakia mwenyewe.

Kwa wageni wasiomjua, Fundi ametoka katika ukoo wa wachonga vinyago wa Ukambani. Aliitwa hapa mwaka 1994 kurekebisha ngoma za kanisa zilizopasuka, akasema atakaa wiki mbili. Hizo wiki mbili ndizo zinazoisha leo.

Gitaa lake la kwanza la umeme bado linatuchekesha. Lilikuwa la aina ile ambayo ndani ni wazi pande mbili, huku katikati kukiachwa kipande cha mti mzima kutoka shingoni hadi chini, ili nyuzi zikae imara na spika isipige mayowe. Kipande hicho sisi tunakiita moyo. Marehemu Mzee Johnson, mwanzilishi wa karakana, alimwonya mapema, "Moyo, Nzau, usiusahau." Sasa, kwa mchonga vinyago, moyo ni kile kiini cha gogo kinachopasua kazi ikikauka, na ndicho kitu cha kwanza kutolewa. Nzau hakuusahau. Aliutoa wote, akasugua ndani kukawa laini kabisa. Jumapili, katika kanisa moja la Umoja, gitaa lilipiga yowe hadi mhubiri akafunga Biblia. Mzee Johnson alicheka akatafuta pa kukaa.

Tangu hapo ametengeneza magitaa mia mbili na kumi na saba. Alipenda mbao kuukuu: milango ya mvule kutoka nyumba zilizobomolewa Eastleigh, na mpingo aliotumiwa na binamu zake. Uso wa gitaa aliuchonga kwa patasi, akiugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio. Alikuwa akisema bado haujajibu, kisha anaondoa mti kidogo tu. Ukijibu, anaweka patasi chini na kuitisha chai.

Miaka miwili iliyopita, Kim wa rangi alimsalimia, "Niaje, Fundi?" naye akamjibu kwamba gundi iko kwenye rafu ya juu. Tulicheka jamani! Sasa naona haya. Misumeno na mashine za kuranda zilikuwa zimemmaliza masikio, nasi tulikuwa hapo hapo tukitaniana.

Meza yangu ya kuchomelea nyaya inaelekeana na yake, na nimeikalia miaka kumi na saba. Nilianza kuona kwamba akigonga uso wa gitaa ananitazama. Siku moja mti ulipojibu nikaitikia kwa kichwa, naye akaacha kuchonga. Hatukuwahi kulizungumza. Magitaa kumi na manne yalitoka hivyo, mikono yake na sikio langu, wateja wakisifu tu. Nilidhani ninamsaidia.

Machi mwaka huu alianza gitaa la bintiye Kavinya, alilomwahidi tangu akiwa kidato cha kwanza. Kila mara mteja fulani alitangulizwa; leo Kavinya ni mwalimu na ana mtoto wake. Wiki hiyo mimi nilikuwa Kirinyaga kumzika shangazi. Niliporudi nilimkuta ameketi, uso wa gitaa mapajani, mwembamba kama ganda la yai na umetoboka. Alikuwa amechonga siku tatu akingoja ujibu.

"Mama Shiro, ulijibu?" aliniuliza. "Mimi sikusikia."

Nilitoka nje nikalia kando ya pipa la maji. Niliwaza ule msumeno wa umeme, ambao hubadilisha mlio kabla haujakwama, na vidole vyake kumi ambavyo bado anavyo vyote. Nikaenda kwa meneja wetu, Muriuki, nikamwambia. Ndiyo, ni mimi. Wengi mmeuliza kwa nini Fundi anastaafu miaka mitatu kabla ya wakati wake, na mmeilaumu ofisi. Ofisi iliambiwa na mimi, na ningeambiwa nirudie ningesema tena, hata kama ningelia tena.

Hakunisemesha wiki tatu. Chai yake alikwenda kuinywea nje.

Wiki ya nne alitoa mlango mwingine wa mvule, akaupasua kwa msumeno wa mkono. Halafu akaja akaburuta kiti changu, mimi nikiwa nimesimama hapo, akakiweka kando ya meza yake. Akagonga ubao. Akanitazama. Niliketi.

Gitaa hilo tulilimaliza Jumatano iliyopita, na Kavinya atalipiga leo baada ya chakula. Halina mwenzake katika yote mia mbili na kumi na saba. Nasema hivyo kwa sababu nimelisikia. Aliyelitengeneza hajalisikia, na hilo ndilo linaloniuma.

Mama Kavinya, asante kwa kutuachia mumeo miaka yote hii. Fundi, asante kwa kazi, kwa utani, na kwa kile kiti. Leo kuna hotuba nyingi na hutazisikia, ndiyo maana niliomba hii ichapishwe, uisome taratibu na miwani yako. Tunakutakia pumziko jema, mvua shambani, na wajukuu watakaokusemesha wakikutazama usoni. Kavinya akimaliza kupiga, usiinamishe kichwa kama kawaida yako. Nimewaomba watu wote wasipige makofi. Tutasimama na kuinua mikono, ukumbi mzima, na hatutaishusha mpaka utuone.

Teresiah Wacuka, Mama Shiro