Wajomba Hawaruhusiwi

Benchi lenyewe lina mguu mmoja mfupi, kwa hiyo anayesema uongo mkubwa siku hiyo hukalishwa upande wa kuyumba. Liko Dixon Road, mbele ya duka la mashine za kufulia nguo, bega kwa bega na saluni ya kusuka, chini kabisa ya njia ya ndege za uwanja wa Pearson. Ndege ikipita, mabishano husimama, vinywa hubaki wazi kama vya samaki sokoni. Ikishapita, kila mtu huendelea kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba na ndege nayo ilikuwa inambishia. Kahawa hutoka kwenye thermosi ya Asumpta, mjane wa Kihaya kutoka Bukoba, anayefunga vyakula vya abiria kwenye kiwanda cha uwanjani. Ni kahawa nyeusi, ina tangawizi ya kumtoa mtu kamasi. Alasiri hiyo ya Aprili, theluji imeyeyuka lakini baridi haijapewa taarifa, Asumpta alifika na thermosi kwapani, akaitua benchini kwa kishindo, na hakummiminia mtu.

— Nani kati yenu aliongea na dada wa ofisi ya ufadhili jana jioni? akauliza.

Macho yote yakamhamia Terminal. Ndilo jina la utani la Nyaberi, Mkisii anayeendesha teksi ya uwanja wa ndege, ambaye anaamini kila jambo la dunia hii kishalisikia kutoka kiti cha nyuma.

— Ni mimi, Mama Koku. Na nilimpanga vizuri, manze! Nilimsifu huyo msichana mpaka nikalia. Niko kwa foleni pale Terminal One, machozi tu, abiria akadhani nimefiwa.

— Na alipokuuliza wewe ni nani kwake?

Terminal akaanza kuvichunguza viatu vyake.

— Si nilimwambia ukweli. Mimi ni uncle yake.

— Yesu na Maria, akasema Asumpta, akaketi.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo, hata kipofu angelipapasa. Koku, binti yake wa pekee, alikuwa anamaliza diploma ya elektroniki koleji, na yunivasiti ilikwisha kumkubali ahamie digrii ya uhandisi wa umeme. Lakini kukubaliwa ni kitu kimoja na kulipiwa ni kingine. Upo mfuko unaowafadhili vijana wa koleji wanaohamia digrii za sayansi na teknolojia, na Koku alikuwa amevuka michujo yote. Mwalimu wake kishamsifu. Kilichobaki ni mtu mmoja wa mtaani, anayemjua vizuri, sharti asiwe ndugu. Mtu mmoja tu! Bila huyo hakuna ufadhili, na bila ufadhili Koku angeingia Septemba kiwandani, asimame kando ya mama yake, awafunge kuku wa abiria kwenye karatasi. Asumpta alijihesabia watu watatu wa namna hiyo, akajiona tajiri.

Wa kwanza kuuharibu utajiri huo alikuwa Alnasir. Huyu ni Mwismaili mzaliwa wa Mwanza, mhasibu mstaafu, anayekisema Kisukuma kuliko Wasukuma wengi. Anaishi Don Mills, lakini kila alasiri huvuka jiji zima na gari lake kuja kukaa hapa, kwa sababu, asemavyo, kule kwao watu wanakubaliana mpaka unashikwa na usingizi. Alimwandikia Koku barua nzuri, Kiingereza kimevaa suti na tai, kisha akamalizia kwa furaha: Uncle Alnasir. Barua ikarudi.

— Lakini mimi walinipigia kwanza, akajitetea Alnasir. Yule dada akaniuliza, mjomba wa damu? Nikamuuliza, mama, kwani wewe una mjomba wa maji?

— Kaka Alnasir, ungesema hapana tu. Neno moja!

— Wahenga walisema, damu nzito kuliko maji.

— Na hiyo damu yenyewe huna!

— Ndiyo maana ni nzito, dada yangu. Bado iko njiani.

Ndege ikapita. Vinywa vikabaki wazi. Ilipokwisha, benchi likaanza kutafuta sababu, maana benchi hili halijawahi kutafuta suluhisho tangu lipigwe misumari.

— Mimi nawaelewa hao watu wa ofisi, akasema Alnasir. Wamesikia habari zetu. Kwetu mjomba akiingia wizarani, mpaka paka wa shangazi anapata gari la serikali. Wameamua kuziba mlango mapema. Usipoziba ufa, mgeni njoo mwenyeji apone.

— Zii, mzee, hiyo ni kompyuta, akasema Terminal. Siku hizi hakuna mtu huko. Kuna mashine inasoma tu, ikikutana na neno uncle, inakutema. Nilibeba jamaa mmoja wa hizo vitu, akanishow inaweza kunusa ujomba hata kwa sauti. Ukiongea na upendo kidogo, taa nyekundu inawaka.

— Kwa hiyo mwanangu asifiwe na mtu anayemchukia?

— Hiyo ndiyo haki yenyewe, Mama Koku. Adui hana upendeleo.

Mlango wa saluni ukafunguka, akatoka Médiatrice, Mkongo wa Bukavu, kitana kimechomekwa kwenye nywele kama kalamu ya hakimu. Anaitwa Madame Sheria, kwa sababu hakuna jambo duniani ambalo hajui limekatazwa wapi.

— Ninyi bote munakosea, akasema. Ile ni mutego. Leo banauliza, uko ndugu? Ukisema ndiyo, kesho banaita mutoto, banatoa damu, banapeleka laboratoire. Na kule banakuta nini? Banakuta Muhaya, Mukisii, Muhindi wa Mwanza na mimi wa Bukavu, bote ndani ya mutoto mumoja!

— Hapo sasa atapewa ufadhili wa makumbusho, akasema Terminal.

— Watamweka kwenye kioo, na taa juu, akasema Alnasir.

— Kwenye kioo nitawaweka ninyi! Asumpta akanyanyuka, benchi likayumba na wote waliokuwa juu yake. Koku hajalala wiki nzima. Jana nimemkuta anauliza mtandaoni kama kiwandani kwetu wanachukua watu. Mtoto anayejua umeme wote ule, akafunge kuku! Nimempigia yule dada wa ofisi leo, nimemsihi, kakubali kujaribu mara moja tu, ya mwisho. Saa kumi na nusu. Na namba niliyompa ni ya Médiatrice.

Madame Sheria akagusa kifua.

— Mimi? Lakini Mama Koku, mimi niko tantine yake, shangazi yake!

— Hata wewe!

— Padri je? akauliza Terminal. Padri anamjua toka ubatizo.

— Akiulizwa ni nani kwake, atajibu I'm her Father, akasema Asumpta.

— Basi Sista Chelagat wa kwaya.

— Sista naye! akasema Asumpta.

Ikabidi mazoezi. Asumpta akashika kifuniko cha thermosi, akakiweka sikioni kama simu, akabana pua apate sauti ya ofisi.

— Hello, Madame. Koku ni ndugu yako?

Madame Sheria akavuta pumzi.

— Hapana... ila mimi njo nilimusuka siku ya komunyo.

— Hapana peke yake! Tena. Koku ni ndugu yako?

— Hapana. Ni mutoto yangu.

— Médiatrice!

— Inatoka yenyewe, chérie! Nifanye nini?

— Mchagua jembe si mkulima, akasema Alnasir.

— Hiyo inahusu nini hapa? akafoka Asumpta.

— Haihusu kitu. Nimeona kimya kimezidi.

Asumpta alimgeukia ampe la kumtosha, lakini alipomtazama vile, koti lake zuri na masikio yamepigwa wekundu na baridi, akaliacha. Alikumbuka ule msimu wa baridi aliofariki baba yake Koku. Wodini walisema ndugu tu ndio wanaoingia. Alnasir akajitokeza na koti hilihili, akamwambia nesi, mimi ni kaka wa mgonjwa. Nesi akamtazama Mhindi mweupe, akaangalia jina la Kihaya kwenye karatasi, akamtazama tena, akamfungulia mlango. Alikaa mle ndani mpaka mwisho. Sasa neno lile lile lililofungua mlango ule ndilo linaloufunga huu, na Asumpta hakujua amkasirikie nani. Ghadhabu zake zote zilikosa pa kukaa, kama mgeni aliyekuta viti vimejaa.

— Kaka, akasema kwa sauti ya chini, haikuwa vibaya kusema vile. Ni leo tu.

Wakati huo akatoka dada mmoja kwenye duka la mashine, kafumbata mfuko mkubwa wa nguo zenye maji bado. Zeena, akajitambulisha, ametoka Dar mwezi uliopita, mashine za kukaushia zote zimejaa, je, anaweza kukaa? Alikuwa bado hajajibiwa simu ya Madame Sheria ikalia. Zeena akajikalia mwenyewe, upande wa kuyumba.

Médiatrice akaiweka simu kwenye spika, akaishika mbali na mwili kama yai lililopasuka. Dada wa ofisi alikuwa na sauti ya upole. Alisalimia, akashukuru, kisha akaenda moja kwa moja: wewe na mwombaji ni ndugu?

Alnasir akafunika uso kwa mikono miwili. Terminal akamshika Alnasir.

— No, akasema Madame Sheria.

Haya, unamjua vipi? Hapo Kiingereza cha Médiatrice kikatoka kikichechemea, lakini kikafika. Alisema Koku akiwa na miaka kumi na minne, mashine ya kukaushia nywele iliungua, na yeye akamwambia usiguse, imekatazwa kufungua, imeandikwa hapo nyuma. Mtoto akasoma hayo maandishi yote, kisha akaifungua. Akaitengeneza kwa bisibisi na pini ya nywele, halafu akawaeleza wateja waya upi unafanya nini, mpaka mmoja akasahau kichwa kimesukwa nusu. Alisema mashine za kufulia za jirani zinapogoma, hawaiti fundi, wanamsubiri Koku ashuke kwenye basi. Alisema miaka yote ya koleji binti amesomea kwenye kiti cha tatu cha saluni, vitabu vikijaa nywele za watu, na hajawahi kusema amechoka. Husema tu, this one is interesting.

Asumpta hakuwahi kuyasikia mengine ya hayo. Alisimama na kifuniko chake sikioni, kasahau kukishusha.

Kwa hiyo hakuna uhusiano wa kifamilia kabisa? akauliza tena dada wa ofisi, ndivyo sheria ilivyotaka.

— No.

Na unathibitisha hivyo, nikiandika?

Madame Sheria akafumba macho.

— I confirm. No.

Pale pale, juu ya vichwa vyao, ikanguruma ndege, chini mpaka vioo vya saluni vikatetemeka.

— Mara tatu, akanong'ona Terminal. Jogoo wa huku amefungwa injini.

Ndege ilipopita walisikia vidole vikigonga kibodi, kisha ile sauti ya upole: asante sana, hicho tu ndicho kilichokuwa kimebaki, barua itatoka Ijumaa, na wampongeze binti. Simu ikakatika.

Palipaswa kuwa na vigelegele, na Asumpta alikwisha kuinua mkono mdomoni avipige, akaushusha. Médiatrice alikuwa anafuta macho kwa kitambaa cha saluni.

— Nimemukana, akasema. Mutoto niliyemubeba mugongoni.

— Umemsaidia, akasema Asumpta. Wewe ndiye uliyemsaidia.

— Najua. Na nimemukana.

Zeena alitazama huku, akatazama kule. Alikuwa na adabu za kwao, alisubiri kwanza pua zipengwe.

— Samahanini wakubwa zangu. Nimesikia yote, na sijaelewa kitu kimoja tu. Huyu binti ni nani yenu?

Alnasir akafungua kinywa. Neno lilikuwa pale pale ulimini, miaka yote lilitoka lenyewe bila kuitwa. Akamtazama Médiatrice, akakifunga. Terminal aligeukia barabara, kana kwamba abiria angetokea na jibu. Asumpta akaona angalau ammiminie mgeni kahawa, akainamisha thermosi: ikatoka nusu kikombe, kisha matone, kisha hewa.

Ndipo simu yake ikaita, ujumbe wa sauti. Akaufungua wote wakisikia. Ni Koku, yuko kwenye basi, anahema kama aliyepanda ngazi.

— Mum? Did Aunty pick up?

Asumpta akamnyoshea Médiatrice simu, kidole juu ya kitufe, maana jibu lilikuwa la huyo. Madame Sheria akakunja kitambaa chake, akachomoa kitana kichwani, akajiweka sawa kama shahidi aliyekula kiapo.

— Mwambie hakuna Aunty hapa, akasema. Mpaka Ijumaa barua itoke, mimi niko Madame, na Madame hamujui.

Akafungua mlango wa saluni, akaingia. Kisha kichwa kikachungulia tena.

— Na umwambie asipite bila kula. Wali wake uko mu frigo.