Shokapu za Kwenda Kliniki

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha gari lililokatwakatwa zamani. Nilikiweka mwenyewe mbele ya kibanda changu cha kuchonga funguo, na kama kuna mtu anadai kilikuwa chake, aje na ushahidi. Kinakaa watu watatu, wa nne anakalia ndoo ya rangi. Asubuhi hiyo alikuwepo Injinia, ambaye kazi yake ni kinyozi, na uinjinia wake ulianza na kuishia siku alipoifufua feni ya saluni. Alikuwepo Kreti, msambazaji wa soda, anayeongea kama vile kila gari la mtaa huu limepita mikononi mwake. Kwenye ndoo alikuwepo Mwalimu, kikombe cha kahawa kinapoa mkononi. Gari lake lilikuwa pale pale, mkia ukutani, uso barabarani. Mke wake alivunjika nyonga, akapasuliwa, na sasa kila Jumanne na Ijumaa anapelekwa kliniki kunyooshwa mguu. Asubuhi hiyo alikuwa amesema haendi tena.

Mwalimu: Anasema gari linamuumiza kuliko mazoezi yenyewe. Bora abaki na maumivu ya kitandani, hayo keshayazoea.

Kreti: Na daktari anasemaje?

Mwalimu: Akiacha sasa, mguu utakakamaa hivyo hivyo. Atatembelea magongo maisha yake yote.

Injinia: Si ulibadilisha shokapu mwezi uliopita?

Mwalimu: Za mbele, zote mbili. Mimi naona gari limetulia kabisa. Yeye anasema ni vile vile. Nikajua nimeuziwa takataka. Safari hii nataka za maana.

Akatoa karatasi mfukoni. Muuza spea alikuwa amemwandikia aina mbili za hivyo vyuma vya kumeza mishtuko ya matuta, za mafuta na za gesi, akamwambia atamwekea zote mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo, atakayetangulia atazichukua. Ilikuwa saa nne na nusu.

Injinia: Chukua za gesi. Hapo hakuna mjadala. Gesi ni hewa. Umeona wapi mtu kaumizwa na hewa?

Kreti: Tairi likipasuka.

Injinia: Hilo ni tairi.

Kreti: Za gesi ni ngumu, bwana. Ni za watu wanaokimbiza magari. Shemeji ametoka kupasuliwa juzi, hashindani na mtu.

Nikasema, basi achukue za mafuta aende zake. Wakanitazama kama nimeingilia kikao cha ukoo, na kiti ni changu.

Injinia: Za mafuta zinachoka. Kuna za kisasa, Mwalimu, zina kitufe juu. Unazungusha, ngumu mpaka laini, hatua thelathini na mbili. Wewe unaenda na cheti cha daktari, fundi anasoma, anazungusha.

Mwalimu: Cheti kinasema vidonge viwili asubuhi, viwili jioni.

Injinia: Basi hatua ya nne.

Mwalimu hakucheka. Kwa kawaida ndiye wa kwanza kucheka hapa, tena hucheka mpaka anajifuta macho. Nikaanza kumwonea huruma. Nikawaambia wenzangu waongee kama watu wazima.

Kreti: Sawa, nitaongea kikubwa. Funga shokapu za pikapu. Shokapu ya pikapu inabeba tani. Shemeji ana kilo ngapi?

Mwalimu: Sasa hivi hata hamsini na tano hazifiki.

Kreti: Umeona. Shokapu ya tani nzima, kilo hamsini na tano itazisikia wapi? Haitashtuka hata kidogo.

Injinia: Haitashtuka yenyewe, atashtuka mama. Zile ni vyuma vitupu.

Kreti: Unakata pale juu, unachomelea.

Injinia: Ngoja. Nyonga mbovu ni ipi?

Mwalimu: Ya kushoto.

Injinia: Basi mbona rahisi. Upande wa kushoto unafunga laini, kulia unafunga ngumu. Kila tuta, gari linamwegemea upande mzima.

Kreti: Na kwenye kona linampeleka wapi?

Injinia: Mwalimu atachagua njia isiyo na kona.

Nikaweka tupa chini. Nilikuwa nachonga funguo ya kabati la dada mmoja aliyesimama dirishani tangu kwenye habari za pikapu, na mkono ulikuwa umeanza kuniteleza kwa hasira. Nikawaambia waende wakalipime gari badala ya kulisema. Wakaenda. Sote tunajua kulipima: unaweka viganja viwili juu ya boneti, unakandamiza kwa nguvu, unaachia. Likipanda na kutulia, shokapu nzima. Likiendelea kunesa, zimekwisha. Kreti akakandamiza, likatulia. Injinia akakandamiza, likatulia. Mwalimu akakandamiza mara mbili.

Mwalimu: Mbona ziko sawa?

Kreti: Zinakudanganya zikiwa zimesimama. Sikiliza, Mwalimu. Gari hili nimelitumia miaka sita kabla sijakuuzia. Nakunja kiti cha nyuma, napanga kreti ishirini za soda, naondoka. Lilikuwa linateleza. Tuta hulisikii. Tatizo lako ni kwamba gari limekosa mzigo. Tia magunia mawili ya mchanga huko nyuma, uone.

Injinia: Na mgonjwa akae juu ya mchanga.

Kreti: Hata hospitali kuna magodoro ya maji.

Mwalimu akatazama saa, akakunja karatasi. Akasema atachukua zile za gesi za mbele, kwa sababu ndizo za bei kubwa, na kwa kitu cha bei kubwa angalau mkewe ataona kwamba amejaribu. Alilisema hilo taratibu. Ndipo yule dada wa funguo akaniuliza kama yake iko tayari. Nikamwambia bado meno mawili. Akawageukia wale.

Dada: Samahani, kaka zangu. Huyo mgonjwa anakaa kiti gani?

Mwalimu: Cha nyuma. Ananyoosha mguu juu ya kiti, mbele haenei.

Dada: Na kati yenu ni nani aliyewahi kukaa hapo nyuma, gari likiwa linatembea?

Injinia akamtazama Kreti. Kreti akasema yeye nyuma aliweka soda, na soda haikuwahi kulalamika. Injinia akasema alipewa lifti mara tatu, zote mbele. Mimi pia, mbele. Tukamtazama Mwalimu.

Mwalimu: Mimi ndiye dereva.

Basi. Watu watatu tumetoboa kiti cha nyuma kwa kukikalia miaka yote hii, lakini cha gari hilo hatukijui hata kitambaa chake.

Mwalimu akaiacha ndoo. Akampa Kreti funguo, akafungua mlango wa nyuma, akalala kama mkewe anavyolala, mgongo kwenye mlango, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya kiti. Kreti akaendesha. Kutoka hapa kibandani barabara inaonekana mpaka mbali, na matuta mawili ya kwanza yako jirani. Kwenye la kwanza uso wa gari ulipanda na kushuka kwa heshima zake. Mkia ukafuata, ukaruka. Nilikiona kichwa cha Mwalimu kikifika juu kwenye kioo cha nyuma, kikapotea. Kwenye tuta la pili hakikuonekana kabisa. Gari likageuza na kurudi polepole, kama la mazishini.

Kreti alishuka kwanza. Alipita nyuma ya gari, akapiga magoti kati ya mkia na ukuta, akachungulia chini.

Kreti: Bado ipo.

Injinia: Nini?

Kreti: Mipira. Niliipachika mwenyewe kwenye springi za nyuma zikaze, mkia usiburuze kwa uzito wa kreti; bila mzigo inarusha. Nilipokuuzia nikasahau kuitoa. Na shokapu za huku ni zile zile nilizolikuta nazo.

Mwalimu alikuwa bado amelala mle ndani, mlango wazi, ameshika nyonga yake nzima isiyo na kosa.

Mwalimu: Mimi nilikuwa namwambia avumilie. Namwambia, mbona mimi sisikii kitu? Miezi mitatu.

Kreti akasema samahani. Nimemfahamu miaka kumi, ni mara yangu ya kwanza kulisikia neno hilo kinywani mwake. Akavua shati, akamtuma Injinia jeki. Mimi nikampigia muuza spea: pea moja ya nyuma, za mafuta, za kawaida, za gari hilo hilo na si za gari jingine. Akasema anazo. Yule dada akachukua funguo yake akaenda zake kufungua kabati lake.

Mwalimu akampigia mkewe hapo hapo, bila kushuka. Simu yake huwa kwenye spika kwa sababu sikio lake la kulia ni zito, kwa hiyo tulisikia sote.

— Mama watoto, nimekaa kiti chako.

Tukasikia redio ya nyumbani kwake ikiongea, halafu ikazimwa.

— Umefika wapi?

— Tuta la pili.

— Mpaka kliniki matuta ni kumi na moja.

— Najua. Yaani, sikujua. Tunalitengeneza sasa hivi, nyuma. Likiisha nitakaa huku tena, Kreti aendeshe mpaka kliniki na kurudi. Nikiona halifai, sitakwambia upande.

Kreti aliyekuwa chini ya gari aliacha kugonga.

— Kwenye la saba, shika kile kishikio cha juu ya mlango, akasema mkewe. — Mimi huwa nashika hapo.